Ukuta wa Shirika

Afisa wa ardhi, hapa Lindi mjini, kanipa fomu.
Kifungu cha nne: Wakaaji waliotangulia.
Mistari miwili tu, na huo wa pili
umekatwa na muhuri.

Nimeanza na kijiko cha chai.
Juu kabisa, rangi ya maziwa: yangu, ya mwaka juzi.
Chini yake kijani, ya chama cha ushirika;
karani wao, Litunu, alilala chumba cha mbele
akibanana na magunia ya korosho,
akahama usiku wa kuamkia ukaguzi.
Chini ya kijani, buluu ya Msajili wa Majumba.
Chini ya buluu ni chokaa, na chokaa haisemi,
inachafua kucha tu.

Nyumba tisa, paa moja, kila ukuta wa shirika.
Namba sita hajawahi kukanyaga kwangu:
Salima Nandule, fundi cherehani.
"Nakujua," aliniambia tukisubiri zamu bombani.
"Unakohoa saa tisa usiku. Kiti chako kina mguu mfupi.
Kabla yako kulikuwa na mtu akibishana na redio,
na redio ikimshinda.
Kabla yake, kinu: mwanamke wa Kimwera,
mapigo matatu, pumzi, matatu.
Na kabla ya kinu, mama alimsikia Jivraj
akifundisha hesabu kwa Kigujarati,
mtoto akirudia, akikosea palepale, saba mara nane.
Siku walipobandika karatasi mlangoni, mwaka sabini na moja,
alikuwa anapima sukari.
Akamalizia kupima.
Halafu wiki nzima ukuta ukawa ukuta."

Nikaipenda hiyo sukari.
Nikamwandika Jivraj mstari wa kwanza,
nikamwonea huruma,
hadi nilipofika stoo ya uani.
Nyuma ya mlango, pale brashi ilipoona uvivu,
mkaa; herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani:

CHILUMBA B.
MWEZI WA 6 BADO
MWEZI WA 7 BADO
MWEZI WA 8 NUSU

Hakuna dirisha. Urefu wa mkeka mmoja, na ndoo.
Msajili hakupaka huku: mkaa umekaa juu ya chokaa,
kijani juu ya mkaa. Pengine mdaiwa ni yule wa sukari,
pengine aliyemfuata.
Nikamuuliza Salima: na stoo je, mama alisikia nini?
Akasimamisha cherehani, kiganja juu ya gurudumu.
"Stoo yako haipakani na mtu," akasema.

Fomu iko mezani, chini ya kikombe.
Nimemfuta Jivraj. Nimemrudisha.
Ofisi hufungwa saa tisa na nusu
na mimi nipo uani na kijiko,
kwa sababu kuanzia mwezi wa tisa kwenda chini
kijani kimefunika yote,
nami nabandua taratibu, kipande cha ukubwa wa kucha,
nisije nikaukwangua na mkaa wenyewe,
maana huenda alilipwa.