Mpira wa Yai, Kibakwe

Mwaka ule wa njaa, sabini na nne,
mwalimu mgeni alituachia mpira uliochongoka huku na huku.
Ukidunda, unakwenda unakotaka wenyewe.

Chilewa wa stoo akaandika daftarini:
wachezaji kumi na mmoja, viatu jozi nne,
kofia ngumu hakuna.
Tukaazima za mafundi ujenzi.

Misimu mitatu. Hatukufungwa hata mara moja:
nchi nzima hapakuwa na wa kucheza naye.
Tuligawana bweni kwa bweni, tukaumizana kwa adabu.
Ndahani alivunjika mtulinga, akacheka.

Mlingoti wa goli umebaki mmoja,
umetundikwa rimu ya lori.
Ikigongwa saa saba wanachuo hukimbilia ugali.

Mimi huinama, mikono magotini,
nikingoja neno la Ndahani.