Ncha

Jambo la kwanza, kabla ya ngozi, kabla ya mchoro,
lilikuwa kukwangua.
Ncha ilikuwa bado na lehemu ya baba,
kitone kimoja, kadiri ya punje ya ulezi,
kimeganda tangu Jumanne ile alipochomoa waya
akasema anafika Mawenzi mara moja, kupima presha.

Risasi huacha doa la fedha juu ya ngozi,
doa lisilotoka, na mvuke wake si wa kuvuta.
Nikachukua msasa.
Nikasugua kama mtu anayefuta deni lisilo lake,
nikakikinga kile kitone kwa kizibo cha soda,
nikakiweka kando. Kando ya nini, sikujua.

Kibanda ni kilekile, Mbuyuni, nyuma ya wauza viatu.
Rafuni redio tatu zinawangoja wenyewe
ambao walishanunua simu, au walishazikwa.
Mpini umeviringishiwa mpira wa baiskeli
na mpira umeshika umbo la kiganja chake.
Kidole gumba changu hakijapata pa kukaa.

Ngozi nazo zina tabia.
Ile ya kiwandani, laini, ya kijivu kwa ndani,
ukiichoma inakukaba koo.
Nilikohoa siku mbili. Mama akachemsha tangawizi,
akasema: redio hazikuwahi kumkohoza mtu.
Ile iliyolowekwa kwa magome ya miwati
inaungua taratibu, rangi ya kahawa ikikaangwa,
na harufu yake ni ya kwato, ya Krismasi,
ya ua wa babu Kibosho siku ya kuchinja.
Moshi wa Moshi, wananitania mafundi cherehani.
Nacheka. Nafungua dirisha.

Mkono usisimame: ndiyo sheria yote.
Ukisita, nukta inakuwa tundu.
Ukikimbia, mstari unafifia kama ahadi ya mdeni.
Baba alikuwa akigusa na kuondoa,
gusa, ondoa, kama anayeonja mchuzi.
Mimi yanipasa kuburura, pumzi nimeibana,
mpaka herufi iishe.

Jana alikuja Kiwelu, mpagazi,
katoka mlimani juzi, midomo imepasuka kwa baridi,
ana mkanda wa begi la shule.
Niandikie jina la binti yangu, akasema, akalitaja,
nami nikaandika nilivyosikia:
AIKAELI, kuanzia pembeni kabisa, penye bizimu.
Akainama. Akasoma kwa kidole.
Dada, H iko wapi?

Kwetu H haipo. Kwao ipo.
Penseli ina kifutio, chaki ina dasta;
moto hauna hata samahani.
Kushoto bizimu, kulia A, katikati hapapiti uzi.
Mpagazi akakaa juu ya ndoo, akanitazama
kama anavyotazama mawingu, nadhani,
akipima kama leo kutapandika.

Juu, nikamwambia. Nitaiweka juu ya A.
Nikachoma mguu wa kwanza. Nikachoma wa pili.
Umeme ukakatika.
Cherehani zote zikanyamaza, mtu akatukana kwa Kipare,
na mimi nina miti miwili imesimama
haijui kama ni herufi.

Ncha ikipoa ina pumzi chache.
Sikufikiri. Niligusa mguu wa kushoto, nikavuka
polepole, joto likiniishia mkononi,
nikafika kulia na chuma hakichomi tena, kinabembeleza tu.
Kiungo kilitoka hafifu, rangi ya chai ya maziwa.
Lakini kilishika.

Kiwelu akainua mkanda kwenye mwanga wa mlango.
Imekaa kama ngazi, akasema.
Hakusema kama ni sifa.
Akalipa pungufu ya mia tano, nikanyamaza.

Alipofika nje akarudi, akaitazama rafu.
Na redio? Unatengeneza?

Kizibo cha soda kilikuwa palepale karibu na kiwiko changu.
Nikasema: umeme ukirudi.