Majembe Kumi na Mawili

Nyuma ya mlango wa nyumba yetu, Ujiji,
nyanya yake mama yangu, Sikujua binti Kabemba,
alichora kwa mkaa mistari kumi na miwili.
Hakujua kusoma. Kudai alijua.

Chumvi yake ya Uvinza ilikuwa imekwisha kuvuka,
mizigo mitatu, kwenda Mtowa kwa Kalonda mhunzi,
na Kalonda akatuma neno: ngoja,
majembe bado yamo motoni,
mvua za vuli hazitakukuta mikono mitupu.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani.
Karani Feruzi wa ofisi ya simu, Kigoma
(ukarani alijipa mwenyewe, alichopewa ni ufagio)
ndiye aliyeleta habari, midomo imemkauka:
huko kwao Wazungu mtu na mkewe wamepigwa risasi garini,
katika mji ambao ulimi wake uliukataa,
na mfalme mmoja kamkasirikia jirani,
jirani ana kaka, kaka ana shemeji, shemeji ana kiapo,
na sasa wote wamesimama uani na mapanga
wala hakuna anayekumbuka maiti.

Kama harusi, akasema Sikujua.
Akialikwa mmoja, ukoo mzima unakula.

Lakini ipo nchi moja ndogo, Feruzi akaendelea,
iliyosema mapema, kwa karatasi yenye mihuri:
mimi simo.
Wadachi wakaijibu: hatuna ugomvi nawe,
tunapita tu.
Kwako ni njia ya mkato.

Hapo Sikujua akacheka, maana shamba lake la muhogo
lilikuwa kati ya kisima na msikiti,
na wacha Mungu walikuwa wanapita tu
tangu mwaka wa nzige.

Ikawaje?
Ikakataa kupitwa.
Basi?
Basi imo. Na nchi hiyo, mama, ndiyo yenye Mtowa.

Yenye Mtowa? Mtowa ni ya Kalonda.

Sijui Feruzi alijibu nini. Najua
Kalonda alikuwa na shangazi asiye na kiganja cha kulia,
aliyekimbia kutoka upande wa mpira,
ambaye angeweza kusimulia mengi
juu ya nchi ndogo isiyogombana na mtu.

Kumi la mwisho. Watu wako ufukweni, wanautafuta mwezi.
Kule ghubani stima ya Wadachi ikajaribu mzinga wake.
Mlio ulipofika Ujiji watoto waliruka: Idi! Idi!
Mmoja akasema, mwezi haujaonekana.
Mwingine akasema, mzinga hauongopi.
Stima ikapita mbele yao, taa zimezimwa,
ikielekea ng'ambo.
Kesho yake nusu ya mji ilifunga, nusu ilikula.

Kisha tukasikia: mitumbwi ya kule imetobolewa,
waya wa simu umekatwa,
na bwana mkubwa wao, aliyekuwa bado anauliza kwao
kama koloni nalo limo au halimo,
amepata jibu.

Wa Kalonda, wanasema, ulikuwa wa tatu kutoka kushoto.

Miaka miwili. Treni iliwachukua wanaume
kwenda kubeba vitu wasivyoagiza.
Feruzi alikwenda na ufagio wake; ufagio ulirudi.
Chuma cha ng'ambo kilifika hatimaye,
kilidondoka kutoka angani, juu ya bandari,
wala si kwa umbo alilolipia.

Nyuma yake wakaja askari wa ile nchi ndogo.
Mmoja, kijana, mwenye lafudhi ya Mtowa,
alisimama mlangoni akaomba chumvi.

Sikujua hakumuuliza yuko upande gani.
Alimuuliza kama anamfahamu Kalonda.

Kijana akaitazama bunduki yake
kama mtu anayetafuta jina lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Akampimia kwa kibaba, akakijaza bila kukikung'uta,
akarudisha mlango,
akachora mstari wa kumi na tatu.