Mwenyekiti

Waliponiomba niandike historia ya idara ya mifupa
kwa ajili ya ukuta mpya wa vioo,
walinipa picha ya Daktari Kivelä na tarehe mbili.
Mimi nilikanda plasta pale miaka thelathini na minne.
Tarehe mbili hazitoshi hata kulowesha bandeji.

Idara ilianzia chini ya ardhi, jirani na tanuri la makaa:
vitanda vinne, kamba, kapi mbili kuukuu
na vifuko vya mchanga vya kuvutia mguu.
Mchanga ulipoganda kwa baridi ya Duluth
wakatia mawe ya chuma kutoka migodini,
yaleyale yaliyowavunja.
Mchimbaji alilala akivutwa na alichokichimba.

Kiangazi cha polio watoto walijaa hadi koridoni.
Ndipo alipokuja Kivelä, mtoto wa seremala wa Kifini,
masikio mekundu, maneno haba.
Akaomba msumeno.
Usiku alichonga magongo, kila moja kwa kimo cha mwenyewe,
na jina la mtoto kwa penseli
upande wa ndani, pasipoonekana.

Baadaye wakamwita Mwenyekiti. Kiti chenyewe
kilibeba makoti ya watu.
Sikumwona akikikalia ila mara moja, nitafika huko.

"Maji kwanza," alinifundisha,
"kisha unga, kisha usiongee."
Nikajua kwamba unga na kuunga
mikononi mwetu ni neno moja,
jeupe, lenye kupata joto ghafla, halafu likawa jiwe.

Alhamisi ilikuwa ya vichanga wenye nyayo zilizopinda.
Samaki mkunje angali mbichi:
wiki hii kidogo, wiki ijayo kidogo,
mimi nikishika kidole gumba kisichozidi harage,
yeye akisukuma
kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mwingine.

Sasa siku ile.
Roland Bellanger, miaka kumi na saba, paja,
mvunjiko wa kawaida, kazi ya saa mbili.
Usiku wa tatu mafuta ya mfupa yakapanda mapafuni.
Alfajiri nilimkuta Kivelä kitini,
makoti yote sakafuni,
mkononi gongo jipya lisilo na mwenyewe.
Tangu hapo kila daktari mwanafunzi alipewa gongo hilo,
siku ya kwanza, alishike, bila maelezo.
Wengine walidhani ni kipimo cha nguvu.

Nisimpake sukari. Alimkataa Inkeri Saari mara mbili:
"Mfupa unataka mabega."
Mara ya tatu akaja na barua ya bodi
na mkoba wa zana za babaye, fundi wa reli.
Mwaka mzima hawakusalimiana
ila kupitia picha za eksirei:
huyu anaonyesha, yule anatikisa kichwa.
Uti wa mgongo, mfupa uliomshinda fisi,
aliyeuanza pale ni yeye Saari,
na Kivelä ndiye aliyemshikia taa.

Alistaafu. Jengo likabomolewa.
Februari iliyopita, miaka themanini na sita,
aliteleza kwenye maegesho yetu wenyewe
akija kulalamika kwamba barafu haijanyunyiziwa chumvi.
Nyonga ya kushoto.
Aliyempasua ni Saari, mwenyekiti wa sasa.

Siku hizi picha hukaa kwenye kompyuta.
Yeye alitaka ya kushika, ikabidi wamchapie.
Akaiinua dirishani,
ziwa zima likiwa jeupe nyuma ya mfupa wake,
skrubu tatu.
"Ya katikati imeinama kidogo."
"Imeinama," Saari akajibu, "ndivyo ulivyonionyesha."
Akanyamaza. Nadhani alicheka, lakini kwa Kifini.

Nikamletea magongo, ya alumini, mepesi kama mabua.
Hakuyatazama.
Alipitisha kidole gumba upande wa ndani,
polepole, juu hadi chini,
akitafuta.
Nikachomoa penseli.