Gando

Kila muhula, Chiromo, mimi huwatangulia wanafunzi:
naosha neli, napima myeyusho wa shaba,
samawati kama shati la sare.
Kisha tone la ile dawa yenye salfa mbili
na samawati inakufa. Inazaliwa hudhurungi ya dhahabu,
rangi ya chai iliyosahauliwa mekoni.
Miaka kumi na minne nimeitazama rangi hiyo
na kuandika daftarini: shaba ipo.

Ndugu yangu Nyamweya huandika mabango Kariobangi,
kinyozi, duka la dawa, hapa hatukopeshi.
Mkono wake ulikuwa rula.
Halafu herufi zikaanza kuyumba.
R ikapiga magoti, K ikatupa mguu nje ya mstari,
wateja wakasema, chang'aa hiyo,
mama akasema, chang'aa hiyo,
nami, mwenye koti jeupe na cheti ukutani,
nikanusa pumzi yake gizani kama polisi.
Ilinuka dawa ya meno tu.

Daktari wa macho aliniita: njoo uone.
Nikainama kwenye darubini.
Ukingoni mwa konea, kuzunguka weusi wa mboni,
pete.
Hudhurungi ya dhahabu.
Chanda chema huvikwa pete, tulifunzwa;
hakuna aliyetwambia, jicho likivishwa, ni nani kaposa.

Shaba ni mgeni. Sote tunaye, kidogo,
kwenye maharagwe, kwenye maji,
na siku ya tatu ini humpa jembe,
na akizidi kazi, humwonyesha mlango.
Ini la Nyamweya halikujua kufukuza.
Mgeni akakaa. Akatandika mkeka ubongoni.

Sasa anameza vidonge vinavyonuka kiberiti,
si njiti ya kuwashia jiko,
bali lile jiwe la manjano
ambalo njiti ziliazima jina lake na hazikurudisha.
Ananiuliza, vinafanya nini humo ndani?
Nachora kwenye mfuniko wa kopo la rangi:
hii shaba, hii salfa, laini kwa laini,
zinajuana hata katika msongamano wa damu.
Salfa inashika huku, nitrojeni kule.
Kitu chenye kushika hivyo tunakiita ligandi.
"Mna gando humo," akacheka.
Wewe kaa umemjulia wapi, pwani hujafika?
"Nilimchora Eastleigh, mkahawa wa samaki.
Gando la kushoto lilinishinda."

Usiku nasikia akienda msalani, nami nafurahi:
shaba inatoka, imeshikwa huku na huku
kama mlevi anayesindikizwa na nduguze.
Kumbe mlevi alikuwepo. Tulimkosea jina tu.

Si kupona. Ni kila asubuhi kabla ya kula,
hadi uzeeni, Mungu akipenda,
na maini marufuku, aliyoyapenda kuliko nyama yote.

Jumamosi nilimshikia ngazi.
Saluni ya Bosibori, ukuta wa waridi.
Herufi ya kwanza ndiyo ngumu, alisema,
haina pembe ya kupumzikia.
Brashi ikapanda, ikapinda, ikarudi.
S.
Tumbo la chini limelegea kidogo.
Nilitaka kumwambia ni alama ya nini.
Nikanyamaza, nikashika ngazi
kwa mikono miwili.