Mapengo Saba

Nilikinunua Jumapili, theluji ya maji ikidondoka,
sokoni nyuma ya stesheni ya Przemyśl,
kati ya sahani zenye nyufa na vitasa vya milango.
Ludomir alikuwa amekivika soksi ya sufu nchani.
"Kitara cha mpanda farasi," akasema, "wa enzi ya Kaizari."
Kila alichouza Ludomir kilikuwa cha enzi ya Kaizari,
hata birika la umeme.

Nikajifanya nalitazama birika.
Lakini mkono ulikwisha kujua:
uzito wake umelala vidole vitatu mbele ya kipini,
kama mtoto anayechungulia dirishani
na hajaamua kama ataruka.

Nyumbani Bogna akahesabu.
"Hiki cha kumi na tisa.
Tuna vitara kumi na tisa na uma kumi na moja.
Wageni wakija wale kwa nini?"
Sikuwa na jibu. Mkusanyaji hana jibu,
ana ukuta.

Majuma matatu nilikisugua kwa mafuta ya cherehani.
Kutu haiondoki kwa hasira;
huibembeleza kama mgonjwa anayekataa uji.
Ikatoka ngozi ya papa juu ya kipini,
ukatoka uzi wa shaba, nyuzi mbili zimekatika,
ikatoka namba ya kikosi,
na kwenye makali, mapengo saba.

Ah, mapengo!
Alhamisi wazee wenzangu walikipokezana mezani,
kila mmoja akitia ukucha penye pengo,
na kila ukucha ukitangaza vita vyake.
Hapa chuma kilikutana na chuma, akasema mmoja.
Hapa mfupa wa bega.
Farasi wakapita mbio kati ya vikombe vya chai,
watu wakafa juu ya kitambaa cha meza cha Bogna,
nasi tukaomba sukari.

Ila mdomoni mwa ala palikuwa na jina,
limekwaruzwa kwa msumari: Wasylko.
Nikauliza kanisani, nikauliza posta,
nikapanda basi la asubuhi hadi kijiji
chenye mbwa wengi kuliko moshi.

Teofila, mjukuu wake, alifungua mlango kwa kiwiko,
mikono yake imejaa unga.
Nilifunua blanketi juu ya benchi.
Hakushtuka. Alicheka.
"Hicho? Babu alikatia kabichi!
Kila Oktoba, pipa zima. Ubao ulikuwa na misumari.
Pengo hili msumari, na hili, na hili.
Hili ni kitanda cha bibi, majira yale ya baridi
tulipochoma kila kilichokuwa mti.
Hili ni langu. Nilikuwa na miaka sita,
nikapigana na pampu ya maji."
Pampu ilishinda.

La sita hakulikumbuka.
La saba, karibu na ncha,
alilifunika kwa kidole gumba,
unga ukaingia ndani yake, mweupe.
Saa ya ukutani ilisema mambo yake.
Kisha akaniuliza kama nakula supu ya uyoga.

Wakati wa kuaga nikamwambia: kichukue, ni chenu.
"Nina kisu," akasema.

Sikukitundika.
Hutuambia tangu utoto kwamba mla nyama
ni mwenye kisu kikali;
hatuambiwi ni nani atakayeosha kisu.
Nimekiandikia kadi, kama ninavyoviandikia vyote:
urefu, uzito, kiwanda, hali ya ala.
Halafu: pengo la kwanza, msumari. La pili, msumari.
Nikafika la saba, nikaacha nafasi,
wala unga sikuupangusa.

Usiku huu Bogna amelala.
Vile kumi na nane vimenyooka ukutani, vinang'aa,
nimeving'arisha mwenyewe, miaka thelathini na moja,
na sikuwahi kubisha mlango wa mtu
kuuliza vilikata nini.
Nimewasha taa. Natafuta majina.
Cha nne kina herufi mbili.
Cha tisa nimekisugua mno.