Tanzia, Faili Nambari 417

Saa moja jioni redio husoma tanzia:
jina, kijiji, watoto aliowaacha,
hoteli watakapokutana kuchangisha.
Neno ni hilohilo. Lakini Mwalimu Nasambu,
kidato cha tatu, chaki nyuma ya sikio,
alitwambia ya Wayunani si ile ya redioni.

"Mwizi akianguka, watu hupiga makofi.
Mtakatifu akianguka, watu humnung'unikia Mungu.
Mtafuteni wa katikati," alisema,
"mwema kiasi cha kupendwa,
anayechimba kaburi akidhani ni msingi."
Tulijifunga shuka za bweni, tukawa korasi,
wasichana kumi na wawili tukilia kwa zamu.
Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa natunza mafaili chini ya ngazi,
idara ya majengo, Nairobi,
mahali ambapo faili hupotea
kama kijiko cha kuazima matangani.

Aprili ile jumba la Kware liliketi.
Halikuanguka, walisema majirani. Liliketi,
ghorofa saba, kama mtu aliyechoka kusimama,
saa tisa usiku, mvua ikinyesha,
na watu kumi na mmoja ndani ya usingizi wao.

Mhandisi Mogusu Ombasa alifika kabla ya tingatinga.
Huyu hakunywa chai ya mtu,
na mjini hapa hilo pekee ni hadithi.
Aliona ufa kutoka ng'ambo ya barabara;
mafundi walimwita Timazi.
Akasimama juu ya kifusi, matope magotini,
akaapa mbele ya kamera:
"Aliyetia sahihi hapa, awe mkubwa awe mdogo,
nitamtoa kwa mkono wangu huu."
Wanawake wa bombani wakapiga vigelegele.
Nilimtazama kwenye televisheni ya kantini,
uji ukanipoa mkononi,
maana faili lilikuwa tayari mezani pangu.

Miaka kumi na miwili nyuma. Ijumaa.
Mafaili ishirini na matatu siku moja,
mkewe Pumwani katika uchungu wa kwanza,
na imani ile: jicho langu halikosei.
Msingi aliutazama akiwa barabarani.
Sahihi ni yake, mkia wa herufi ya mwisho
umeruka juu kama wa jogoo.

Hapo ndipo niliposikia chaki ya Nasambu ikikwaruza.
Si uovu uliomponza. Ni jicho,
lilelile tulilomsifia.
Na kiapo alikifunga mwenyewe, kwa fundo la kweli.

Nilipanda ngazi. Nikamwambia, "Mzee,
kule chini kuna panya. Wanakula karatasi."
Akauliza, "Ni la nani?"
Nikanyamaza.
Akanyoosha mkono.

Laiti angesema, basi, walishe panya,
ningemhurumia, nikaenda zangu nyumbani.
Alisoma hadi mwisho,
akavua miwani, akaiweka juu ya jina lake,
akauliza kama waandishi wa habari bado wako uani.

Hili Mwalimu hakutuambia, au nilikuwa nacheka:
kwamba mlango ule ukishafunguka
mtu bado anaweza kugeuka,
na ukubwa wake wote, na maangamizi yake yote,
ni kule kutogeuka.

Kware wanasema ajali haina kinga.
Wengine wanasema, kumbe naye alikuwa anakula.
Bombani mitungi inasogea kwenye foleni,
sauti zinapokezana, hivi, vile,
hakuna anayejua ni korasi.

Mimi nina miwani kwenye droo.
Hajarudi kuichukua.
Jana niliijaribu:
ukuta wa mbele ukanijia wazi, wazi mno,
ufa na yote,
na mkononi mwangu muhuri, umelowa wino,
na mafaili tisa yakitaka kutoka kabla ya saa kumi.